Gari la 1966 na Wanaolilipia



Umezoea kunikuta hapa nikizungumzia katiba, kodi, mabaraza ya mitaa na haki za mtoto. Leo nitazungumzia gari, na sidhani kwamba nimetoka nje ya somo. Katika miaka 4 ya kulitengeneza gari hili nimefikiri juu ya uraia kuliko nilivyofikiri katika semina nyingi nilizoalikwa, ambako tulipewa chai, kalamu na cheti.

Gari lenyewe ni Land Rover fupi ya mwaka 1966, ya toleo ambalo watengenezaji wake waliliita Series IIA. Liliundwa Solihull, Uingereza. Kabla ya kufika kwangu lilibeba viazi katika vilima vya Kigezi, na kabla ya viazi lilikuwa mali ya idara ya serikali, kama yalivyokuwa mengi ya aina yake. Aliyeniuzia ni mzee mmoja aliyekuwa amechoka kulisukuma kila asubuhi. Lilipoingia uani kwangu hapa Kabale lilikuwa likivuja kila kiowevu ambacho gari linaweza kuwa nacho: mafuta ya injini, ya giaboksi, ya difu, ya breki, na maji ya rejeta. Jirani yangu alitazama madoa yale ardhini akaniuliza kama nimefungua kituo cha mafuta.

Huenda unajua asili ya magari haya. Kampuni ya Rover ililizindua la kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, na serikali yake ilikigawa kwa mgao. Ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, ikakunjwa katika mabapa ambayo hata mhunzi wa kijijini anaweza kuyanyoosha kwa nyundo. Lilikusudiwa mkulima wa Kiingereza. Lakini halikukaa mashambani mwa Uingereza peke yake. Lilikuja kwetu pamoja na Bwana Shauri, polisi, daktari wa mifugo na mpimaji wa ardhi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 bendera ilibadilika, magari yakabaki yale yale, ila waliokaa kiti cha mbele walikuwa wengine.

Sasa nije kwenye swali lililonifanya niandike. Mtu anapotengeneza gari la zamani, ni kipi akirudishe kama kilivyokuwa kiwandani, na ni kipi akibadilishe? Wapenzi wa magari haya wamegawanyika vikali, huko Uingereza na hata hapa kwetu. Wapo wasemao ya kale ni dhahabu, na kwamba kubadilisha hata skrubu moja ni kulinajisi gari. Wapo wengine ambao hawaoni aibu kuacha bodi peke yake ikiwa ya Kiingereza na kuweka ndani yake injini ya Kijapani, viti vya basi dogo na redio yenye taa za buluu. Mimi nimejiwekea kanuni moja. Kasoro inayonitesa mimi mwenyewe ina ruhusa ya kukaa. Kasoro ambayo gharama yake hulipwa na mtu asiyelichagua gari hili haina ruhusa.

Ukiitamka, kanuni hii inaonekana nyepesi. Ngoja tuipeleke gereji.

Tuanze na breki, maana ndizo zilizonishughulisha zaidi. Gari hili lilitoka kiwandani likiwa na breki za dramu katika magurudumu yote 4. Dramu ni chuma cha duara kama sufuria iliyofunikizwa, kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna vipande 2 vilivyopinda kama mwezi mchanga, na ukikanyaga pedali vipande hivyo husukumwa nje vikabana sufuria hiyo. Kinachovisukuma ni mafuta ya breki yanayotoka kwenye masta silinda kupitia mabomba membamba. Hakuna cha kusaidia mguu wako. Nguvu yote ni ya paja. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba masta silinda ya 1966 ina njia moja tu. Bomba la gurudumu moja likipasuka, mafuta ya magurudumu yote 4 hutokea hapo, na pedali hushuka hadi sakafuni bila kukutana na chochote.

Siku ya kwanza fundi wangu alilala chini ya gari akiwa na tochi mdomoni. Ni mtu wa maneno machache. Alilikwaruza kwa ncha ya bisibisi bomba linalopita juu ya ekseli ya nyuma, na bisibisi ikaingia ndani. Hakuwa ametumia nguvu. Alitoka chini, akafuta mikono, akasema, "Mwalimu, hili bomba lilikuwa limeshikwa na kutu yenyewe."

Nakuomba ukae kidogo na sentensi hiyo. Gari lililobebwa na kutu lilikuwa likishuka na magunia ya viazi katika barabara hizi zetu. Kama umewahi kusafiri kutoka Kabale kwenda Kisoro na kupita Kanaba, unaijua barabara ilivyo: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na hewa tupu upande mwingine. Na pembezoni mwake hutembea watoto wa shule, kina mama wenye mizigo kichwani, vijana wa baiskeli. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama angependa kuishi karibu na breki ya njia moja. Dereva angalau alikuwa na usukani. Wao walikuwa na imani tu, na imani hiyo hatuwezi kuiona mpaka pale inapovunjwa.

Kwa hiyo breki sikuzirudisha zilivyokuwa. Mabomba yote yalitolewa yakawekwa ya aloi ya shaba na nikeli, ambayo haili kutu kama chuma. Mipira 3 inayounganisha mabomba na magurudumu yanayocheza ilibadilishwa, ingawa kwa nje ilionekana mizima. Mpira wa breki huoza kutoka ndani. Kisha tukatafuta masta silinda ya njia 2, pamoja na kile chombo cha duara kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuusaidia mguu, ambacho mafundi hukiita seva. Vyote vilitoka katika Land Rover ya toleo la baadaye, Series III, iliyokuwa imekatwa vipande huko Nairobi, barabara ya Kirinyaga. Kenya ina vipuri vingi vya toleo hilo kwa sababu iliwahi kuyaunganisha magari hayo yenyewe huko Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Sasa njia moja hulisha magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Moja ikipasuka, nyingine hubaki. Gari litasimama kwa shida, lakini litasimama.

Kwa mbele tuliweka dramu kubwa zaidi, za inchi 11 badala ya 10, zilizotengenezwa kwa ajili ya Land Rover ndefu. Katika aina hii vipande vyote 2 husukumwa kwa namna inayovifanya vijivute vyenyewe kuelekea mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo hushika kwa nguvu zaidi. Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawalitaji. Ujivutaji huo hufanya kazi gari linapokwenda mbele. Likirudi nyuma, mzunguko huvisukuma vipande vyote 2 mbali na dramu, na breki za mbele hudhoofika. Mwenye kuishi vilimani ni lazima ajue hilo, kwa sababu anaposimama kwenye mpando na gari likaanza kurudi, mguu wake utamwambia habari tofauti na aliyoizoea. Sijaona bado maboresho yasiyo na bei yake.

Gharama ya kazi yote hii ilizidi nusu ya bei niliyolinunulia gari lenyewe. Mke wangu aliuliza, kwa haki, kama fedha hizo zinaonekana wapi. Hazionekani popote. Ukipita nyumbani kwangu utaliona gari lile lile la kijani lililofifia, mlango mmoja ukiwa na rangi tofauti.

Wakati wa kazi ya breki likajitokeza jambo ambalo sikulitarajia. Fundi alipofungua dramu za zamani zilikuwa zimejaa vumbi la kijivu. Mwanafunzi wake, kijana wa miaka kama 17, alileta mpira wa hewa ya kompresa ili alipulize, kama wafanyavyo katika gereji zote. Nikamzuia. Kwa miongo mingi vipande vya breki vilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba ajabu yanayostahimili joto. Nyuzi hizo zikivutwa puani hukaa mapafuni, na maradhi yake huja baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena dramu ya gari gani. Uingereza, iliyotuuzia vipande hivyo, ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999. Katika gari la 1966 huwezi kujua kwa macho kama vumbi lililomo ni la vipande vya zamani au vya baadaye. Njia salama ni kulilowesha vumbi kwa maji, kulifuta kwa matambara mabichi na kuyafunga matambara hayo kwenye mfuko kabla hayajakauka.

Fundi alicheka kwa upole. "Mwalimu, vumbi hili tumelivuta tangu utoto."

"Ndiyo maana, fundi," nikamjibu, "sitaki na huyu alivute."

Alinyamaza, kisha akamtuma kijana kuleta ndoo. Sijui kama gari lililofuata lilisafishwa kwa maji, sikuwapo. Lakini ibara ya 39 ya Katiba yetu ya 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 17 inaweka miongoni mwa wajibu wa raia kuyaunda na kuyalinda mazingira ya namna hiyo. Tunapozifundisha ibara hizo darasani tunataja misitu na mito. Sijawahi kuona kitabu cha kiada kinachotaja dramu ya breki na pua ya mwanafunzi wa gereji.

Injini ilinipeleka kwenye somo jingine la jinsi hiyo, ingawa lilianzia mbali zaidi. Ni ya petroli, silinda 4, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na nguvu-farasi zipatazo 70. Ni injini ya subira. Ikipita kilomita 80 kwa saa huanza kulalamika, na mimi humsikiliza anayelalamika. Kabureta yake, ya Zenith, ina ugonjwa unaojulikana duniani kote: uso wa mfuniko wake hujikunja kwa joto, hewa ikapenya mahali isipotakiwa, na injini ikawa inakohoa. Dawa yake ni kioo. Unaweka msasa laini juu ya kipande cha kioo kilichonyooka, unasugua uso wa chuma taratibu kwa kuzungusha mpaka ung'ae sawasawa kila mahali. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe barazani kwa jioni 2, na nakiri ilinipa furaha kuliko kusahihisha insha.

Kilichokuwa kigumu ni valvu. Injini hii ilizaliwa wakati petroli ilikuwa ikichanganywa na risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Motors huko Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi huizuia petroli isilipuke kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Faida ya pili ni kwamba risasi iliacha utando mwembamba juu ya viti vya valvu, yaani zile pete ambazo valvu huzikalia inapofunga, na utando huo ukazikinga zisilike. Injini ikadumu. Risasi nayo ikatoka kwenye bomba la moshi, ikatua barabarani, majani, vyakula vya wachuuzi na mikono ya watoto. Inavyodhuru ubongo unaokua ni jambo lisilo na ubishi katika tiba.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwezi Juni 2001 kuiondoa petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa. Uingereza ilikuwa imeacha kuiuza kwa umma mwanzoni mwa mwaka 2000. Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani, Julai 2021. Naona ajabu kwamba jambo kubwa namna hii lilipita hapa kwetu karibu kimya kimya. Hakuna aliyeandamana kulidai na hakuna aliyeandamana kulipinga. Siku moja pampu zikawa na mafuta mengine, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawajui walichoepushwa.

Lakini injini yangu ilijua. Bila risasi, viti vya valvu za kutolea moshi huanza kulika, hasa gari likifanya kazi nzito. Valvu huzama kidogo kidogo kichwani mwa injini. Ule mwanya mdogo unaotakiwa kuwapo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ambao katika injini hii ni milimita 0.25, huzidi kupungua mpaka unakwisha; hapo valvu haifungi sawasawa, moto hupita pembeni yake, nayo huungua. Tulipokipima kichwa cha injini, valvu 2 zilikuwa zimekwisha kuzama. Karakana moja ya Mbarara ilikitoa kile kilicholika, ikabana viti vya chuma kigumu vinavyostahimili petroli isiyo na risasi. Kazi iligharimu fedha na wiki 3 za kusubiri.

Nimewasikia wenye magari ya zamani wakinung'unika kwamba sheria ya mafuta iliwaonea. Siafikiani nao. Kwa miaka 80 injini hizi zililindwa kwa gharama ya damu ya watoto wa watu wengine. Sheria ilipobadilika, gharama ilirudi kwa mwenye injini. Bili ile ya Mbarara niliilipa bila kupendezwa nayo, maana ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na jina langu.

Taa pia niliziweka upande wa mambo ya watu wengine. Dinamo ya zamani haizalishi umeme wa maana injini inapozunguka polepole, hivyo ukipunguza mwendo usiku mjini taa hufifia na kuwa kama za mshumaa, mahali hasa ambapo mtembea kwa miguu anahitaji kuonekana. Tukaweka alteneta. Katika gari la mwaka huo ilibidi kwanza kugeuza mfumo mzima wa umeme, kwa sababu wakati huo Waingereza walikuwa wakiunganisha upande chanya wa betri na bodi, kinyume cha karibu kila gari utakaloliona leo. Usukani nao una viungo 6 vya mviringo, vyote vilikuwa vimelegea, vyote vikabadilishwa. Hapo hapahitaji maelezo.

Sasa, niliyoyaacha. Giaboksi ya 1966 haina kilainishi cha kuingiza gia ya kwanza na ya pili. Ni lazima ukanyage klachi mara 2 na kuilinganisha kasi ya injini kwa sikio, la sivyo hupiga kelele inayowafanya wapita njia wageuke. Nimeiacha. Aibu ni yangu. Springi ni mabapa ya chuma yaliyopangwa, magumu, na baada ya safari ya saa 2 mgongo wangu unajua idadi ya mashimo. Nimeziacha. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva, yaani mimi mwenyewe huketi juu ya mafuta yangu, na hilo nalo nimeliacha, baada ya kuhakikisha kwamba halivuji. Mtu akiniuliza kwa nini najitesa, humjibu kwamba mtu mzima ana haki ya kuchagua mateso yake madogo. Uhuru wa raia unajumuisha hata gari lisilo na raha.

Kijana mmoja wa mtaani, hodari sana wa mitambo, amenishawishi kwa miezi nitoe injini hii niweke dizeli ya Toyota. Hoja zake si za kipuuzi: ulaji mdogo wa mafuta, vipuri kila duka, nguvu ya kupanda Kanaba bila kushuka hadi gia ya pili. "Mwalimu," huniambia, "utaendesha gari, si jumba la makumbusho." Jibu langu ni kwamba nguvu haiishii pale unapoiweka. Ekseli za ndani za magari haya ni nyembamba na hukatika zikizidishiwa kazi. Giaboksi yake haikuumbwa kwa msukumo wa dizeli kubwa. Na mwendo ukiongezeka, breki nilizozieleza zitakuwa tena ndogo. Anayeongeza nguvu bila kuongeza kile kinachoizuia amewaongezea wengine hatari, hata kama nia yake ni kufika mapema.

Nilipokuwa nikitafuta hoja za kumjibu nilisoma jinsi Waingereza wanavyolishughulikia suala hili katika sheria yao. Tangu tarehe 20 Mei 2018, gari lililotimiza zaidi ya miaka 40 huko halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka, ule ulioanza mwaka 1960, mradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Na ni yapi mabadiliko makubwa? Ukiweka injini yenye idadi tofauti ya silinda, yaelekea umelibadilisha gari na msamaha umeupoteza. Lakini ukibadilisha ekseli au mifumo ya kuendeshea kwa ajili ya usalama, ufanisi au mazingira, hayo hayahesabiwi. Isitoshe, msamaha wa ukaguzi si msamaha wa wajibu: anayeendesha gari la hatari anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500, liwe la jana au la enzi za mfalme. Sisemi tuinakili sheria hiyo. Sina hakika kama hata mimi ningemwamini kila mwenye gari la miaka 40 ajikague mwenyewe. Sisi Uganda tulizuia mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, Kenya imeweka kikomo cha miaka 8, na mipaka hiyo ina sababu zake. Lakini umri wa chuma hauniambii chochote juu ya bomba lililoshikwa na kutu. Gari la miaka 7 lisilofunguliwa dramu tangu litoke melini laweza kuwa hatari kuliko hili langu.

Mahali ambapo kanuni yangu hunipa taabu ni abiria. Mbele kuna viti 3, na nimefunga mikanda kwenye viti vya pembeni, kwa vyuma vilivyoshikamana na chesisi, maana mkanda uliofungwa kwenye bapa la alumini ni pambo tu. Nyuma kuna mabenchi yanayotazamana, bila mkanda, bila cha kujishikia. Na sisi, unatujua. Mtu mwenye gari hawezi kumpita mzee kwenye mvua. "Mwanangu mwalimu, utaniacha hapa na gunia langu?" Mama yule si abiria wa bahati mbaya, amelichagua gari, amelisimamisha kwa mkono wake mwenyewe. Je, amechagua pia benchi lisilo na mkanda? Nimeamua hivi: mzee hukaa mbele, gunia hukaa nyuma, na vijana hutembea. Watoto sipakii nyuma kabisa, hata wa wafanyakazi wenzangu, hata kwa umbali wa kilomita 2 tu. Nimepata sifa ya ubahili kwa sababu hiyo, na kuna mzazi mmoja ambaye bado hanisalimu vizuri.

Nimalizie na breki ya mkono, ambayo sijaibadilisha na ambayo imenisumbua kichwani kuliko zote. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yote, hushika vizuri ajabu. Lakini ukipatwa na pancha ukainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu hulipa lile lililo hewani uhuru wa kuzunguka upande mmoja na lililo chini uhuru wa kuzunguka upande mwingine, propela ikiwa imetulia kabisa. Breki ya mkono imevutwa hadi mwisho, na gari linaondoka. Kwenye miteremko yetu linaondoka likiwa juu ya jeki, na haliendi mbali kabla ya kumkuta mtu.

Mwenye kulijua hilo huweka kizuizi nyuma ya gurudumu. Kizuizi cha madereva wetu unakijua: jiwe. Na unajua pia gurudumu likishafungwa jiwe huachwa pale pale katikati ya lami, likimsubiri mwenye pikipiki wa saa 2 usiku. Barabara ya kwenda Katuna nimeyahesabu mawe hayo nikiwa kwenye teksi, yakafika 9 kabla sijasinzia. Kwa hiyo nilimwomba seremala anichongee kabari 2 za mti wa mkaratusi, pana kama kiganja na nusu, na nikazifunga kwa kamba kwenye jeki yenyewe, kamba fupi kiasi kwamba huwezi kuirudisha jeki garini bila kabari kufuata.